Sura Iliyolala Chini ya Lipu

*Nikea, mtaa wa wafumaji. Jumatano ya juma la pili la Kwaresima, mwaka huu picha ziliporudi.*

Kwa Leontios mwana wa marehemu Sisinios, fundi wa lipu, Thesalonike. Nyumba siijui; mchukuzi aulize karibu na lango la bahari.

Mdogo wangu,

Usishtuke. Ni mimi dada yako Anthusa, na sijafa. Aliyekufa ni wewe. Hapa mtaani kila mtu anajua kwamba ulikufa kwa homa miaka kumi na tisa iliyopita. Niliwaambia mimi, na nilichagua homa kwa sababu sikutaka kukupa kifo cha heshima. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa Nikea huko, tafadhali usinitie aibu kwa kupumua mbele yake. Kosmas muuza vitambaa ndiye aliyekuona mwaka jana umebeba ngazi, nami nimemlipa mkate na zeituni anyamaze.

Bila shaka habari zimeshakufikia. Amri ya kufuta picha takatifu imefutwa yenyewe. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima tuliandamana hapa hadi sauti zikakauka. Ungeona watu walivyofukua! Mama Evfemia alitoa picha ya Mtakatifu Yohane chini ya pipa la samaki wa chumvi, na padri akaibusu vilevile, machozi yakimtoka. Ya imani au ya harufu, sijui. Mjane wa mwoka mikate alikuwa amemficha Malaika Mikaeli nyuma ya tanuri. Mabawa yameungua kidogo, lakini anasema hata vitani yangeungua.

Sasa nije kwenye jambo. Askofu anataka ukuta wa madhabahu wa kanisa letu dogo, Mtakatifu Akilina, upate tena Mama wa Mungu kabla ya sikukuu ya Kulala Kwake, katikati ya Agosti. Ukuta uleule. Huna haja ya kukumbushwa ni nani aliyemuunda pale Mama wa Mungu wa kwanza kwa vijiwe vya rangi na dhahabu, wala ni nani aliyemharibu na kumpiga lipu juu yake. Baba alipokuwa akimuunda, mimi nilikuwa na miaka kumi na minane nikimbebea chokaa. Nawe wa kumi na minne ukimchagulia vijiwe. Tangu alipofunikwa, miaka ishirini na saba, sijawahi kuingia mle nikatazama mbele. Huwa natazama miguu ya jirani.

Sikuhitaji wewe. Nahitaji daftari la Baba, lile lenye michoro, uliloondoka nalo. Mpe mchukuzi huyu.

Dada yako,
Anthusa

---

*Thesalonike, Jumatatu ya pili baada ya Pasaka.*

Kwa dada yangu Anthusa, Nikea.

Kristo amefufuka, dada.

Barua imefika. Anayeandika ni binti yangu Thekla, mimi nasema naye anaandika, kwa maana vidole vyangu vimeliwa na chokaa na kalamu hainikai. Mke wangu Evanthia anakusalimu. Tuna watoto watatu, Thekla ndiye wa kwanza, ana miaka ishirini na miwili.

Nimefurahi kusikia kwamba u mzima. Kufa kwangu nimekusikia, wala sikasiriki.

Daftari lipo. Halijapata maji wala panya. Lakini, dada, nakuomba jambo moja: ukuta ule msiuguse. Msigonge, msikwangue, msipake kitu juu yake, hadi nitakapofika mwenyewe. Ni ukuta mzee. Una unyevu upande wa kaskazini. Unaweza kudondoka vibaya. Nina kazi ya bafu la mji hapa, wamenishika hadi mavuno, nikimaliza nitakuja. Waambie wasubiri.

Kula vizuri.

Ndugu yako,
Leontios

*Shangazi, hapa chini ni mimi Thekla, na Baba ameshatoka nje. Nisamehe kwa kujipenyeza, lakini nisipoandika nitapasuka. Sikujua kwamba nina shangazi! Jina lako nililijua, ila nilidhani ni jina la mtakatifu fulani wa mafundi, kwa sababu kila Baba anapojipiga nyundo kidoleni husema, "Anthusa asinione." Alipopata barua yako aliisoma amesimama, akaisoma ameketi, kisha akatoka uani akambusu nyumbu. Nyumbu wetu anang'ata. Hakumng'ata.*

*Na kuna jambo jingine. Unyevu wa kaskazini ni uongo. Baba hawezi kusema uongo. Masikio yanamwiva kama komamanga, na leo yameiva. Anaficha kitu. Juu ya kitanda chake kuna mfuko wa ngozi ya mbuzi ambao hata Mama haruhusiwi kuupangusa vumbi. Nilipokuwa na miaka minane niliufungua. Ndani mna vijiwe vidogo, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya waridi, vingine kijani kama zeituni bichi. Nilivihesabu hadi mia nne na kumi, akanikuta. Ndiyo siku pekee aliyowahi kunifokea. Halafu akalia yeye.*

*Mwana wako usiyemjua,*
*Thekla*

---

*Nikea, siku ya Mtakatifu Pahomi, katikati ya Mei.*

Leontios,

"Ukuta msiuguse!" Nimewasomea maneno hayo wanawake kisimani wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Niliwaambia ni barua ya mtu mmoja mpumbavu wa Thesalonike, sikusema ni marehemu. Wewe ndiye unayetuonya tusiuguse? Baba alikaa juu ya jukwaa majira mawili ya kiangazi. Alikuwa akiniambia, "Kijiwe cha dhahabu kilicholala ni kipofu; kiinamishe kidogo, kione mshumaa." Kimoja kimoja, Leontios, maelfu. Nawe ulimaliza kazi yake kati ya asubuhi na adhuhuri.

Nilikukuta, umesahau? Uso hakuna, lipu iko nusu ya ukuta, nawe umeinama huwezi hata kuniangalia. Ndoo ile ya maji ya chokaa niliyokumwagia, sijaijutia siku hata moja. Labda mbili.

Sikiliza basi. Hatungoji mavuno yako. Vijiwe hatuna na fundi wa vijiwe hatuna, kwa hiyo Askofu amepata mchoraji kutoka Prusa atakayechora kwa rangi juu ya chokaa mbichi. Ili chokaa mpya ishike, lazima ile ya zamani itobolewe-tobolewe yote kwa sululu, toka juu hadi chini. Kazi hiyo atafanya Vardas mvunja kuta. Unamkumbuka baba yake. Mwana amerithi mabega na hakurithi kingine. Ataanza kesho yake baada ya sikukuu ya Petro na Paulo.

Daftari liko wapi?

Anthusa

*Kwa Thekla peke yake. Mwanangu, usiombe radhi kwa kujipenyeza. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupita mlangoni palipokuwa na ufa wa kupenya. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ya baba yako. Mfuko huo hauniumizi kichwa, wala sitaki kujua una nini. Una nini?*

---

*Thesalonike, tarehe kumi na sita Juni.*

Dada Anthusa,

Hii naandika kwa mkono wangu. Herufi ni mbaya. Thekla sikumwita. Kuna baharia anaondoka leo, naandika haraka, akiwahi atawahi.

Mzuie Vardas. Kama ana sululu mkononi mshike mkono.

Mama wa Mungu yumo. Yumo ndani. Sikumharibu.

Nilipoitwa kazi ile nilijua nikikataa watamleta mwingine, na mwingine angekuja na shoka. Nikakubali. Usiku... hapana, si usiku, ilikuwa mchana, wala haikuwa ushujaa, ilikuwa baridi tu. Januari. Afisa aliyeleta amri ya kufuta picha alisimama chini yangu na koti la manyoya. Akasema, "Kwanza nataka kuona uso unatoka. Halafu upige lipu." Hapo sikuwa na ujanja. Nikachukua tindo ndogo ya Baba, nikaugonga uso kwa mgongo wake, polepole, kijiwe kimojakimoja, vikadondokea kwenye aproni. Afisa aliona uso unapungua, akaridhika, akaona baridi, akaenda kula supu ya maharage.

Alipotoka nilikanda udongo mtupu, na makapi ya ngano na manyoya ya mbuzi, bila chokaa hata chembe. Nikaupaka juu ya picha yote, unene wa vidole viwili. Udongo haukamati kioo cha vijiwe, dada. Juu ya udongo ndipo nikapiga lipu nyembamba ya chokaa, na kingoni tu nikaishikiza ukutani. Kwa nje ni ukuta mweupe. Ndani ni blanketi.

Uliponikuta nimeinama, sikuwa nimeinama kwa aibu. Aproni ilikuwa imejaa uso wa Mama wa Mungu na nilikuwa naufunika usiuone. Maji yako yaliniunguza shingo.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Dada yangu, nakupenda, lakini furaha yako haijawahi kuwa na mlango. Ungejua, ungeingia kanisani unatabasamu, na ukuta ungekuwa umevunjwa kabla ya Pasaka. Hasira yako ndiyo ilikuwa kufuli. Watu walitazama jinsi unavyonichukia wakasema, basi kweli ameharibu. Nikaona nikuache unichukie.

Halafu miaka ikapita, nikaogopa jambo jingine. Je, kama udongo umeoza, dhahabu ikabanduka? Je, kama nilikosea? Nitamwahidi dada picha, akute tope? Ndiyo maana niliandika habari za unyevu.

Uso ninao. Vijiwe vyote, isipokuwa labda vichache vilivyoanguka nje ya aproni. Bafu la mji watatafuta mtu mwingine. Kuna meli siku ya nne kutoka leo, ninakuja.

Mshike mkono.

Leontios

---

*Nikea, siku ya kwanza ya Julai. Naandika nikiwa nimekaa chini sakafuni kanisani.*

Leontios, Leontios, Leontios!

Sijui kama umeniandikia tena; hakuna kilichofika. Basi nakuambia mimi, na kama tayari unajua, kaa kimya unisikilize vilevile, maana nisipomwambia mtu aliyekijua kitu hiki nitakufa mimi, na kifo changu kitakuwa cha kweli.

Jana asubuhi Vardas alipanda na sululu. Nilikuja. Nilijiambia nakuja kuhakikisha hachelewi. Padri Gregoras alikuwepo, na wanawake wawili watatu wa mtaani, na mchoraji wa Prusa aliyekuwa akila tini na kututegea maganda ya kuteleza. Vardas akapiga pigo la kwanza chini kabisa, pembeni. Sauti ikawa ya ajabu. Haikuwa ko! Ikawa puu, kama kupiga mto.

Vardas akasema, "Padri, ukuta huu una tumbo."

Padri akasema, "Piga tena."

Akapiga la pili. Tukasikia mpasuko ukipanda kutoka chini hadi juu, kama kitambaa kinachochanwa na mfumaji mwenye hasira. Vardas alipiga yowe akaruka kutoka jukwaani. Lipu yote ya upande wa kulia ikatoka kama ganda la yai la kuchemsha, ikaanguka, vumbi likatufunika sote. Hatukuona kitu. Tulikohoa tu. Mchoraji alikuwa akiita, "Nani amekufa? Nani amekufa?"

Kisha vumbi likaanza kushuka. Ilikuwa saa ile jua linapoingia kwa dirisha dogo la mashariki. Na mle ndani ya vumbi, mdogo wangu, kukaanza kuwaka. Kwanza nuru moja. Halafu kama kumi. Halafu ukuta mzima ukapumua dhahabu.

Mama Evfemia alisema polepole, kama anayezungumza na mtoto aliyelala, "Loo. Kumbe ulikuwa hapa."

Nilipanda jukwaani. Nina miaka sitini na mmoja na nilipanda. Vardas aliniambia, "Bibi, utaanguka." Nikamwambia, "Nikianguka niokote, lakini usinishike sasa." Nikautia mkono kwenye udongo uliobaki, ukatoka kwa kiganja, mkavu, laini, na makapi ya ngano ndani yake. Nikayatambua makapi. Nikayatambua manyoya ya mbuzi. Mimi ni binti wa fundi. Najua udongo unapokandwa na mtu asiyetaka ushike.

Nikajua kila kitu pale pale. Nililia kwa sauti hadi Padri akadhani nimevunjika mguu.

Vazi lipo lote, lile la buluu iliyoiva. Mtoto yupo. Mikono ipo, na kidole kile cha shahada ambacho Baba alikifanya kirefu mno na hakutaka kukubali. Pigo la Vardas limeng'oa vijiwe saba vya pindo tu. Lakini mahali pa uso pana kovu. Wanawake walianza kulia walipoliona. Padri alijifunika macho.

Mimi nilicheka. Wakadhani nimeshikwa na wazimu. Nikawaambia, "Msilie. Najua uso uko wapi. Unaning'inia juu ya kitanda huko Thesalonike." Thekla, mwanangu, kama unasoma hii kabla ya baba yako: mia nne na kumi, na endelea kuhesabu.

Njoo, Leontios. Sasa hivi. Mchoraji nimemrudisha Prusa na tini zake.

Dada yako asiye na adabu,
Anthusa

---

*Thesalonike, Julai, Jumanne.*

Shangazi mpendwa,

Barua yako imekuta kitanda bila mfuko. Baba aliondoka wiki nne zilizopita na nguo moja, daftari, na mfuko wa ngozi aliojifunga kifuani chini ya shati, akionekana kama mwenye mimba ya mawe. Alinieleza yote gatini, dakika ya mwisho, watu wakipiga kelele za kamba. Kisha akasema, "Usimwambie mama yako, atalia." Nikageuka, Mama alikuwa nyuma yake, tayari analia.

Alinichukua mkono akaniwekea kijiwe kimoja. Cheupe, chenye ukubwa wa punje ya dengu. Akasema ni cha mboni ya jicho, ile nukta ya nuru. Halafu akakirudisha mfukoni. Shangazi, sijui nilie au nicheke: nimelala miaka ishirini na miwili upande wa pili wa ukuta na jicho la Mama wa Mungu, na mimi nilikuwa natumia mfuko ule kujifunzia kuhesabu!

Niandikie kila kitu. Amefika? Alikuwa anaugua bahari. Umemwambia nini ulipomwona? Yeye siku zote za mwisho hapa nyumbani alikuwa akijifunza la kusema, na kila siku lilizidi kuwa fupi.

Thekla

---

*Nikea, tarehe ishirini na mbili Agosti, wiki moja baada ya sikukuu.*

Thekla mwanangu,

Keti. Wewe na mama yako. Ni ndefu.

Barua ya baba yako, ile ya herufi zilizolewa, ilifika siku nne baada ya sululu. Mimi nilikuwa nimeshajua yote, nikaisoma kana kwamba sijui lolote. Nilipofika pale pa "hasira yako ndiyo ilikuwa kufuli" nilikwenda kulala adhuhuri, jambo ambalo sijalifanya tangu utotoni.

Yeye mwenyewe alifika Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa mlangoni nikichambua dengu. Mzee mmoja mwembamba, mweupe wa vumbi, akasimama mbele yangu. Nilitazama shingo yake kwanza. Alama ya kuungua iko pale. Yeye akafungua kinywa, na lile neno alilojifunza njia nzima likawa limeisha kabisa, halikubaki hata herufi.

Nikamwambia, "Umekonda."

Akasema, "Nilikufa."

Basi tukaangukiana pale mlangoni, dengu zikamwagika barabarani, na kuku wa mtaa mzima wakafanya karamu yao.

Jambo la kifo nalo lilituletea matata. Nilipompeleka kwa Padri Gregoras, Padri alikaza macho akasema, "Mama Anthusa, huyu amefanana sana na marehemu ndugu yako."

Nikasema, "Amefufuka, Padri. Si ndiyo kazi yetu hapa?"

Ikabidi niungame. Na hapo likatoka lile nisilotaka litoke. Padri akamgeukia baba yako akamwambia, "Lakini kila mwaka dada yako ameniletea ngano ya kuchemsha yenye asali na zabibu, sadaka ya wafu, nikuombee wewe. Miaka kumi na tisa, hajakosa hata mmoja." Baba yako akanitazama. Nikatazama dari. Masikio yakanichemka; kumbe ni ya ukoo. Akaniuliza, "Ulikuwa unaniombea?" Nikamwambia, "Nilikuwa napenda ngano." Siku ya Jumapili shemasi, kwa mazoea, akalisoma jina lake kati ya majina ya wafu, na sauti ikatoka nyuma kabisa ya kanisa: "Nipo!" Sijawahi kusikia kanisa likicheka hivyo. Padri alilazimika kugeukia madhabahu, mabega yakitikisika.

Sasa kazi. Tuliosha kovu la uso kwa sifongo na maji ya uvuguvugu, siku mbili nzima. Baba yako alipokuwa aking'oa vijiwe alikuwa ameviachia vitanda vyao. Kila kijiwe kimeacha shimo lake katika chokaa ya babu yako, kama meno ya maziwa. Kwa hiyo ilikuwa ni kukitafutia kila kimoja nyumba yake. Tulivimwaga juu ya shuka nyeupe, elfu moja mia tisa na kitu. Mimi nilivipanga kwa rangi: vyeupe vya paji la uso na pua, vya waridi vya mashavu, vya zeituni vya kivuli chini ya taya. Watu husema kivuli cha kijani usoni ni cha mgonjwa. Waambie wakasimame mbali hatua ishirini. Ni damu inayopita chini ya ngozi.

Siku ya tatu tukagombana.

Mimi nilisema: macho yalikuwa yanatutazama sisi, watu. Yeye akasema: hapana, yalikuwa yanamtazama Mtoto.

"Leontios, nilisimama chini yake miaka kumi na sita!"

"Na mimi nilikuwa juu, pua yangu ikigusana na yake!"

"Ndiyo maana hukuona kitu!"

Hatukusemezana siku mbili. Tulikuwa na mazoezi ya kutosha. Niliacha sahani yake juu ya ngazi, yeye akaiacha tupu juu ya ngazi, mambo yakaenda. Siku ya pili jioni nilisikia akiniita kutoka jukwaani, kwa sauti ya utotoni. Nikapanda.

Alikuwa ameosha chini ya matundu ya macho. Fundi hodari, mwanangu, kabla hajaweka vijiwe huchora sura yote kwa rangi juu ya chokaa mbichi, ili vijiwe vipate njia. Na pale palikuwa na mchoro wa babu yako, wino wake wa kahawia kama alimaliza jana: macho yameinamia kushoto, yanamtazama Mtoto. Baba yako alikuwa sahihi. Lakini matundu ya vijiwe hayakuufuata mchoro. Matundu yalikwenda mbele, moja kwa moja, kwa watu. Nami nilikuwa sahihi.

Baba yetu alibadili mawazo akiwa na kijiwe mkononi.

Ndipo Leontios akakumbuka. Kuna siku Babu yako alishuka katikati ya kazi, chokaa ikiwa inakauka, jambo ambalo fundi hafanyi. Alikwenda akasimama mlangoni kati ya wanawake wa wafumaji waliokuwa wameingia kujikinga mvua. Akatazama juu muda mrefu, kutoka pale waliposimama wao. Akapanda tena, akasema tu, "Niletee vyeupe zaidi." Mtoto wa miaka kumi na minne alileta vyeupe zaidi na hakuuliza.

Tulikaa pale juu, wazee wawili miguu ikining'inia. Kisha nikamwambia, "Basi tumwekeje?" Akasema, "Kama alivyomwacha."

Kijiwe cha nuru ya jicho la kulia alikiweka yeye. Cha kushoto alinipa mimi. Niliogopa. Akasema, "Kiinamishe kidogo." Nikasema, "Najua!" Nikakiinamisha. Chini, Mama Evfemia akapiga kelele, "Ameniona! Ameniona mimi!" Kisha mjane wa mwoka mikate naye akadai ameonwa yeye, na Vardas, aliyekuja kila siku kuomba radhi kwa ukuta, alirudi nyuma hadi mlangoni, akaenda kulia, akaja kushoto, akatangaza kwamba popote anaposimama anatazamwa na kwamba kuanzia leo anaacha kamari.

Sikukuu sitakuelezea, maana sikuiona. Nilimtazama Yeye tu, tangu mshumaa wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikuwa na miaka ishirini na saba ya kufidia.

Lakini sikukuandikia barua hii ndefu ili ufurahi tu. Habari imetembea. Kuna vijiji viwili ng'ambo ya ziwa wanataka ukuta wao, na monasteri moja ya watawa wa kike wameshachoma chokaa na kuiloweka shimoni bila hata kutuuliza. Wanasema wanangoja "wale wazee wawili." Wazee wawili, mwanangu, wana mikono minne, na magoti mazuri hawana hata moja. Nimempima baba yako kwa siku nyingi. Anajua mambo ambayo hakuna mwingine anayeyajua kutoka hapa hadi Prusa: namna ya kusaga marumaru ya kutia kwenye tabaka la mwisho la chokaa, namna ya kukata kioo kisipasuke dhahabu, namna ya kuinamisha. Alikuwa akiyajua wakati wote akipiga lipu nyeupe kwenye mabafu. Akiyajua peke yake hayatafika mbali.

Na wewe ulihesabu hadi mia nne na kumi ukiwa na miaka minane, hukuchoka, uliachishwa.

Padri ameuliza kama inafaa msichana kupanda jukwaani. Nimemwambia bibi amepanda na kanisa halijaanguka. Amekubali haraka, ananiogopa tangu niliporudisha mtu kutoka kaburini.

Jana nikamuuliza baba yako kama nikuite, wewe na mama yako na wadogo zako. Alikuwa anaosha mwiko. Aliuosha mpaka nikadhani hakunisikia. Akauinua, akautazama juani, akaukausha kwa shati, akaukausha tena pale palipokwisha kukauka.

Kisha akasema, "Mwambie asije na viatu vya soli ngumu. Jukwaani vinateleza."

Shangazi yako,
Anthusa